Funza, Pamba na Bakteria: Historia ya Pambano Refu Kanda ya Ziwa

Pamba ya Usukuma inapoanza kutoa vitumba, baada ya mvua kushika kasi, nondo huja usiku. Jike hutaga yai moja moja kwenye majani machanga na vitumba vya juu, na kwa maisha yake mafupi anaweza kutaga zaidi ya mayai elfu moja. Yai ni dogo kuliko kichwa cha pini, jeupe linapotagwa na la kahawia linapokaribia kuanguliwa. Baada ya siku tatu au nne anatoka kiwavi mwembamba sana. Hula kwanza ganda la yai lake, hutambaa kwa muda mfupi juu ya majani laini, kisha hutoboa kitumba na kuingia kichwa kwanza. Kitumba kilichotobolewa hutanua majani yanayokifunika, hugeuka manjano na kuanguka. Kiwavi huhamia kingine. Wanasayansi humwita Helicoverpa armigera. Wakulima wa Mwanza, Simiyu na Shinyanga humwita funza wa vitumba.

Akishaingia ndani, dawa haimpati. Kati ya kuanguliwa na kutoboa kuna muda mfupi tu ambao mdudu huyu yuko wazi, na muda huo ndio ulioamua hatima ya kila silaha iliyoletwa Kanda ya Ziwa dhidi yake: sumu ya dukani, virusi, bakteria, hata mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Historia ya silaha hizo inafundisha jambo moja kwa uwazi: waliofanikiwa walianza kwa kumjua mdudu, na waliorukia dawa kabla ya kumjua walilipa gharama mara mbili.

Pamba ya biashara ilianza kuhimizwa kandokando ya Ziwa Victoria wakati wa Wajerumani. Kusini mwa nchi walilazimisha watu kulima mashamba ya pamba ya pamoja, na chuki ya kazi ile ikawa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Huku Usukuma zao lilipita njia nyingine: lilikua taratibu katika mashamba ya familia, likisimama kando ya mtama, mahindi na karanga. Waingereza walipochukua Tanganyika waliona kwamba udongo wa hapa, wa kichanga juu ya miinuko na mweusi mabondeni, unaifaa pamba. Katika miaka ya 1930 kituo cha utafiti kikaanza kazi Ukiriguru, kilomita 30 hivi kusini mwa mji wa Mwanza, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Misungwi.

Adui wa kwanza aliyeshughulikiwa pale hakuwa funza. Alikuwa chawajani, mdudu mdogo wa kijani anayefyonza maji ya majani hadi yakajikunja na kuwa mekundu pembeni. Huko Barberton, Afrika Kusini, mtafiti F. R. Parnell alikwishaonyesha kwamba pamba yenye vinyweleo vingi kwenye majani humshinda mdudu huyo, kwa sababu vinyweleo humzuia kukaa na kutaga. Kuanzia msimu wa 1939/40, J. E. Peat, na baadaye K. J. Brown, waliendesha Ukiriguru kazi ndefu ya kuchagua na kuchanganya mbegu, wakitafuta pamba yenye vinyweleo, yenye nyuzi nzuri na yenye kustahimili magonjwa ya eneo hili. Kazi yao iliendelea kwa karibu miaka 20 na kuzaa mbegu zilizopewa herufi UK, yaani za Ukiriguru, ambazo vizazi vyake vilipandwa Usukuma kwa miongo mingi. Kwa hiyo wazo la mmea kubeba kinga yake wenyewe ni la zamani Kanda ya Ziwa. Mkulima alipewa mbegu, akapanda, na chawajani akapungua bila tone la dawa.

Funza wa vitumba hakujali vinyweleo. Tena nondo wake hupenda kutaga mahali penye manyoya, kwani mayai hushika vizuri. Silaha iliyokuwepo dhidi ya jamaa yake, funza wa pinki, ilikuwa sheria ya kung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno, ambayo hadi leo maofisa ugani huihimiza kila mwaka kabla ya tarehe 15 Septemba. Sheria hiyo humkata funza wa pinki kwa sababu yeye hutegemea pamba zaidi ya mimea mingine. Funza wa vitumba hategemei hivyo. Kumwondolea pamba peke yake ni sawa na kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango sita.

Milango hiyo ilikuja kuchunguzwa kwa makini kipindi ambacho pamba ilikuwa kwenye kilele chake. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake walikuwa wakiunganisha wakulima wa Jimbo la Ziwa ili mizani na bei viwe mikononi mwao. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuwa moja ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Vyama vya msingi vilijengwa vijijini, viwanda vya kuchambua pamba vikanunuliwa, na wakati wa uhuru pamba ilikuwa fahari ya mikoa hii na tegemeo la hazina ya taifa. Bomani mwenyewe akawa waziri wa fedha wa Tanganyika huru. Eneo la kilimo likapanuka, na kwa funza karamu ikapanuka pia.

Mwaka 1965 mtafiti W. Reed alichapisha katika jarida la Uingereza la utafiti wa wadudu taarifa mbili kuhusu funza huyu katika Tanganyika Magharibi. Ya kwanza ilihusu maisha yake, hasa hatua ya pupa ardhini. Ya pili ilihusu mazingira yake, maadui zake wa asili na dawa za kumdhibiti. Picha iliyotokana na uchunguzi wa aina hiyo ndiyo ambayo kila bwana shamba wa Kanda ya Ziwa anaifahamu leo. Nondo hupita kutoka zao moja hadi jingine kwa kufuata msimu. Mahindi yanapotoa nywele humvutia kuliko pamba. Mtama unapochanua humvutia pia. Nywele za mahindi zikikauka, pamba ndiyo inayobaki na machipukizi laini. Pamba ikikomaa, zipo nyanya bustanini, na kuna dengu kwenye udongo mweusi wa mbugani, zinazopandwa mwisho wa mvua na kukua kwa unyevu uliobaki. Hivyo funza anapata chakula sehemu kubwa ya mwaka bila kuhama mbali na ziwa.

Dawa ya wakati huo ilikuwa DDT, iliyoenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Iliua funza walioguswa, lakini iliua pia wadudu wanaomla: ladibagi, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya funza, na siafu wa mashambani. Tatizo la pili lilikuwa maji. Kupulizia ekari moja kwa bomba la mgongoni kulihitaji maji mengi yaliyobebwa kichwani au kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka visimani. Baadaye zikaletwa mashine ndogo za betri zenye kisahani kinachozunguka kwa kasi na kurusha dawa ya mafuta katika matone madogo mno, bila maji kabisa. Endosulfani ikachukua nafasi ya DDT, ikafuatwa na dawa za jamii ya pairethroidi. Endosulfani ni sumu kali kwa binadamu na kwa samaki, na mabonde ya Usukuma hutiririsha maji yake ziwani. Mwaka 2011 Mkataba wa Stockholm uliiweka katika orodha ya kemikali zinazopaswa kuondolewa duniani.

Upande wa pili wa ziwa lilikuwa likijaribiwa jambo tofauti. Mwaka 1958, Uganda, T. H. Coaker alichapisha majaribio ya kumwambukiza funza huyu ugonjwa wa virusi unaompata kiasili. Huenda hayo yalikuwa majaribio ya mapema zaidi kando ya ziwa hili ya kumtumia mdudu ugonjwa wake mwenyewe. Wazo lilikuwa sahihi, ila halikupata kiwanda cha kulibeba, kwa sababu kemikali zilikuwa za bei nafuu na zilionyesha matokeo siku hiyo hiyo.

Wakati huo bakteria aliyekuja kubadilisha mambo alikwisha kujulikana kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1901 mtafiti wa Japani, Shigetane Ishiwata, alimwona katika viwavi wa hariri waliokufa ghafla. Miaka kumi baadaye, Ernst Berliner wa Ujerumani alimpata katika viwavi wa nondo wa unga waliotoka kwenye kinu cha jimbo la Thuringia, akamwita Bacillus thuringiensis, ambaye sasa hufupishwa Bt. Ufaransa ilitengeneza unga wake wa kwanza wa kibiashara mwaka 1938. Mwaka 1953 Christopher Hannay alieleza fuwele ndogo inayojengeka ndani ya bakteria huyu anapotengeneza mbegu zake za kujihifadhi. Mwaka uliofuata Thomas Angus, akifanya kazi Kanada, alithibitisha kwamba fuwele hiyo ndiyo inayoua.

Fuwele hiyo ni protini. Ikiwa juu ya jani haidhuru chochote. Ni lazima kiwavi aile. Utumbo wa kati wa kiwavi una alkali kali, kinyume na tumbo la binadamu, ng'ombe au kuku ambalo lina asidi. Katika alkali hiyo fuwele huyeyuka, kisha vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe huikata protini kubwa na kubakisha kipande chenye nguvu. Kipande hicho hutafuta mahali maalumu pa kushika kwenye ukuta wa utumbo. Kikipapata, hujichoma katika utando wa seli na kufungua matundu madogo. Maji na chumvi huingia bila mpangilio, seli huvimba na kupasuka, utumbo hupooza. Kiwavi huacha kula baada ya saa chache, ingawa anaweza kubaki hai kwa siku mbili au tatu. Kila aina ya Bt ina protini zake, na kila protini huchagua kundi lake la wadudu, kwa kuwa mahali pa kushika hutofautiana. Nyuki akitua juu ya ua lililopuliziwa Bt ya viwavi hapati madhara hayo, wala nyigu anayewinda mayai.

Kwa mkulima wa pamba kuna habari mbili ndani ya maelezo hayo. Ya kwanza ni njema: maadui wa asili wa funza hubaki shambani wakiendelea na kazi. Ya pili inadai umakini: Bt isiyoliwa haifanyi kitu, jua kali huidhoofisha ndani ya siku chache, na kiwavi mkubwa huistahimili kuliko mdogo. Lazima iwe juu ya jani siku zile chache ambazo kiwavi yuko nje. Mkulima aliyezoea kupulizia kwa tarehe, au anapoona vitumba vimeanza kuanguka, atasema dawa ni dhaifu. Kwa kweli atakuwa amechelewa.

Mwaka 1970 Thomas Odhiambo alianzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, icipe, na kituo chake kikubwa cha mashambani kikajengwa Mbita, ufukweni mwa ziwa upande wa Kenya. Odhiambo alishikilia kwamba Afrika inapaswa kuwa na wanasayansi wake wanaowajua wadudu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa icipe walikuwa wakichuja aina za Bt, zikiwemo zilizookotwa Kenya kwenyewe, ili kupata zinazomuua funza wa mabua ya mtama na mahindi. Mbita ikawa pia mahali palipokuzwa mbinu ya kupanda desmodi kati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo pembeni, ili nondo wafukuzwe ndani na kuvutwa nje. Kote huko kanuni ilikuwa ile ile: soma tabia ya mdudu, ndipo uchague silaha.

Upande wa Tanzania mambo yalikuwa magumu. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na soko la pamba likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika miaka ya 1990. Utaratibu wa zamani wa kumkopesha mkulima mbegu na dawa ulivurugika. Mkulima alinunua ekapaki, yaani dawa ya kutosha ekari moja, pale alipoipata, na mara nyingi ilifika funza akiwa ameshaingia ndani. Meatu, mkoani Simiyu, mradi wa pamba hai ulioanza mwaka 1994, ambao leo unajulikana kama bioRe Tanzania, ulichukua njia ya kuacha kabisa dawa za viwandani. Wakulima wake hupanda mistari ya alizeti ndani ya shamba la pamba ili kuvuta wadudu, hukagua mimea kwa macho, na hutegemea maadui wa asili. Mavuno kwa ekari hutofautiana, lakini mamia ya familia yamethibitisha kwamba pamba inaweza kulimwa Usukuma bila chupa ya sumu.

Kisha likaja wazo la kuliweka jeni la protini ile ndani ya mmea. Mwaka 1981 Ernest Schnepf na Helen Whiteley huko Seattle walilitenga jeni la fuwele. Mwaka 1987 kampuni ya Ubelgiji ilionyesha tumbaku inayojitengenezea protini hiyo. Mwaka 1996 pamba na mahindi ya Bt vikaanza kupandwa kibiashara Marekani. Mvuto wake kwa pamba ulikuwa dhahiri: kiwavi anayetoboa kitumba anakula protini kwa lile lile tendo la kutoboa, kwa hiyo suala la siku chache za kuwa wazi linapoteza uzito.

Afrika iliijaribu pamba ya Bt kwa matokeo mchanganyiko. Wakulima wadogo wa Makhathini, Afrika Kusini, waliipanda mwishoni mwa miaka ya 1990. Burkina Faso iliipokea kwa ukubwa kuanzia mwaka 2008, funza wakapungua, ila nyuzi za pamba zikawa fupi na soko likalalamika. Kufikia 2016 nchi ilikuwa ikiiacha. Somo lake ni kwamba mbegu ya pamba haihukumiwi kwa wadudu peke yao. Huko India funza wa pinki amezoea protini hizo. Kabla ya hapo, mwaka 1990, nondo wa kabeji huko Hawaii aliripotiwa kuwa ameizoea Bt ya kupulizia. Mdudu yeyote anayepigwa kwa silaha moja misimu mingi huacha wazao wanaoistahimili.

Kenya iliidhinisha pamba ya Bt mwezi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikaanza kupandwa, ikiwemo katika kaunti zinazopakana na ziwa. Tanzania ilifuata njia nyingine. Oktoba 2016 mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa kwa majaribio yaliyozungushiwa uzio Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasitishwe, na Januari 2021 Waziri Adolf Mkenda akatangaza kuyafuta. Hivyo leo mkulima wa Bunda na mwenzake wa Homa Bay, Kenya, wanatazama ziwa moja na kupambana na funza mmoja, chini ya sheria mbili tofauti. Nondo haulizwi pasipoti.

Hata hivyo Bt yenyewe haikuondoka Tanzania. Mwaka 2015 kilizinduliwa Kibaha, mkoani Pwani, kiwanda cha viuadudu hai kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba. Humo bakteria hukuzwa kwenye matangi, na bidhaa zake za kwanza zililenga viluwiluwi wa mbu, kwa kutumia aina ya Bt inayoshambulia utumbo wa viluwiluwi kama ile ya viwavi inavyoshambulia funza. Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea na kuzitaka halmashauri zinunue dawa hizo kupambana na malaria. Kiwanda hicho kimetengeneza pia kiuatilifu hai kwa ajili ya pamba. Ni hatua ya kuthaminiwa sana: kwa mara ya kwanza mkulima wa Usukuma anaweza kupata Bt iliyokuzwa nchini mwake.

Lakini chupa hiyo itakutana na mtihani ule ule wa siku chache. Itafaa pale ambapo mkulima amekagua shamba lake mara mbili kwa wiki, ameona mayai na viwavi wachanga, na amepulizia jioni jua likiwa limeshuka. Itaonekana haina kazi pale itakapogawiwa kwa tarehe za ofisini. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipoingia mashamba ya mahindi nchini, watu wengi walimwaga sumu ndani ya mahindi makubwa, wakati viwavi wamejificha ndani ya moyo wa mmea. Fedha ilikwenda, viwavi wakabaki.

Yale mahindi, mtama, nyanya na dengu ambayo Reed aliyaona kama ngazi ya kumvusha funza yana upande mwingine pia. Kwa mkulima wa Bt, iwe ya kupulizia au ya kwenye mbegu, mazao hayo yasiyopigwa ni mahali ambapo nondo wasiozoea protini huendelea kuzaliwa, kisha hujamiiana na wachache waliozoea na kuchelewesha usugu. Wakulima wa Marekani walipoanza kupanda pamba ya Bt walitakiwa kutenga mashamba maalumu kwa kazi hiyo. Usukuma tunayo tayari, katika kilimo chetu mchanganyiko. Kuyajua mazao yanayomlisha funza ni maarifa ya Ukiriguru, yaliyokusanywa kwa kuhesabu mayai mmea baada ya mmea, na yanadumu kuliko kila dawa iliyopita.

Tangu 2018 kituo hicho kiko chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya nchi hii bado inatoka Kanda ya Ziwa, na funza wa vitumba bado yupo. Kama taifa tuna bakteria wetu, kiwanda chetu na kituo chetu cha utafiti. Kinachobaki ni kuvikutanisha vyote vitatu katika shamba la mkulima: maofisa ugani wa kutosha katika kila kata ya pamba, mafunzo ya ukaguzi kabla ya msimu, na fedha za kudumu za kufuatilia kila mwaka kama funza ameanza kuizoea Bt. Bila hayo tutakuwa tumebadilisha jina la dawa tu. Tukiyafanya, mkulima wa Misungwi atapulizia mara chache, kwa wakati unaofaa, na kuvuna pamba bila kuiachia sumu familia yake wala samaki wa ziwa.